Chembe nyeupe nzito kwenye karai, bonde la Lupa: platinamu au tunapigwa?

Mwana wa Mwalo:
Wakuu, salaam. Tunaosha mchanga kwenye kijito kinachoingia mto Lupa, upande wa Chunya. Dhahabu ipo, ya kubangaiza tu, pointi mbili tatu za gramu. Sasa tukimaliza kuosha, kwenye ule mchanga mweusi unaobaki chini ya karai zinaonekana chembe nyeupe za rangi ya fedha. Ndogo, nyingine kama punje ya ulezi, nyingine bapa. Nzito kweli. Ukizungusha maji mchanga mweusi unakimbia, zenyewe zinabaki zimejibanza na dhahabu. Siku zote tulikuwa tunazirudisha mtoni. Majuzi kaja jamaa na gari, kazitazama kwa kioo cha kukuzia, kasema atazichukua zote kwa bei ya fedha, eti anatusaidia. Mtu akitoka mjini na gari lake hadi porini kuja kukusaidia, lazima ujiulize. Wajuzi, hii ni platinamu?

Mbishi Asilia:
Uzi wa madini bila picha ni chai. Weka picha.

Kaka Mnada:
Usimuuzie. Sijasema ni platinamu, nasema usimuuzie.

Shuhuda wa Rukwa:
Platinamu hiyo mkuu, umetoboa! Bei yake ni mara mbili ya dhahabu. Jaribu sumaku: platinamu haivutwi kabisa. Ikivutwa ujue ni chuma, tupa.

Nyundo ya Mawe:
@Shuhuda wa Rukwa, umechanganya mambo mawili.

Bei mara mbili ilikuwa 2008. Tangu 2015 dhahabu ndiyo iko juu ya platinamu.

La sumaku ndilo baya zaidi, maana litamfanya mtu atupe mali. Platinamu safi ya dukani kweli haishiki sumaku. Ya mtoni si safi, karibu siku zote imechanganyika na chuma tangu huko ardhini ilikotoka. Ndiyo maana chembe za platinamu za mito ya Ural, Urusi, nyingi zinavutwa na sumaku, nyingine kidogo, nyingine zinaruka kabisa. Kwa hiyo sumaku haikwambii kitu hapa.

Sasa kwa mwenye uzi. Uzito nao hautoshi. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, platinamu safi mara 21 na ushee, ya mtoni yenye chuma hushuka hadi 15 hivi. Lakini metali ya risasi ni mara 11, galena, jiwe lenye risasi hiyo, mara 7 na nusu, na mchanga mweusi wenyewe ni mara 5 tu. Kwa hiyo chochote kuanzia galena kwenda juu kitakaa chini ya karai na kukuonyesha ubabe. Swali langu ni hili: ukiipiga nyundo inafanyaje? Inapasuka au inasambaa?

Bibi Karasha:
Salaam wote. Mwanangu, mimi nina karasha, mashine ya kusaga mawe, huko huko Chunya. Hizo nyeupe tumeziona sana, hasa kwa wanaoosha chini ya machimbo ya zamani. Wazee wetu walikuwa wanaziita dhahabu mgonjwa. Usizichome ndani ya nyumba unayolala.

Tindikali:
Mama kamaliza kazi, mimi nafafanua tu. Hiyo ni dhahabu iliyolamba zebaki.

Lupa haijaanza kuchimbwa jana. Dhahabu ilipatikana 1922, na miaka ya 1930 watu walimiminika, wazungu kwa wenyeji. Baadaye ikaja migodi ya mwamba kama New Saza. Enzi hizo mwamba ulitwangwa kwa stempu, yaani nyundo kubwa za mashine, tope likapitishwa juu ya bamba la shaba lililopakwa zebaki, dhahabu ikanasa. Sehemu ya zebaki ilikuwa inatoka na tope kwenda kijitoni. Halafu wakaja wachimbaji wadogo na chupa zao za zebaki, miaka nenda rudi, kila mwalo, yaani mahali pa kuoshea, unamwaga. Zebaki haiozi. Inakaa kwenye nyufa za mwamba chini ya mchanga, na dhahabu yoyote inayopita hapo inaishika na kuivaa. Rangi inakuwa nyeupe kabisa, kama fedha. Uzito unabaki wa dhahabu au pungufu kidogo. Ndiyo maana inakaa na dhahabu karaini!

Kwa hiyo jamaa wa gari ananunua dhahabu kwa bei ya fedha. Mjanja.

Mbishi Asilia:
Tindikali, maelezo mazuri, lakini umehukumu mgonjwa kwa simu. Picha wapi?

Mwana wa Mwalo:
Simu yangu haitoi picha ya kitu kidogo namna hii, inatoka ukungu. @Nyundo ya Mawe, nimegonga juu ya nondo. Nyingi zimesambaa, zimekuwa bapa kama karatasi. Chache zimepasuka vipande vyenye pembe pembe vinavyong'aa.

Nyundo ya Mawe:
Hapo una vitu viwili tayari. Zilizopasuka kwa pembe za mraba ni galena, madini ya risasi. Kwenye miamba ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, yenye dhahabu si mgeni. Kazikwaruze kwenye upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'aa, zitaacha mstari wa kijivu kinachoelekea weusi. Weka pembeni, hazitakutajirisha.

Zilizosambaa ndizo za kuzungumza. Zinaweza kuwa dhahabu yenye zebaki kama anavyosema Tindikali, platinamu, fedha, au risasi tupu ya kutengenezwa na mtu.

Shuhuda wa Rukwa:
Risasi ya kutengenezwa na mtu itatoka wapi porini?

Bibi Karasha:
Porini ndiko kwenye magobore baba.

Mtu wa Migori:
Habari za huko majirani. Sisi huku Migori, Kenya, tulisumbuliwa na kitu cheupe pia, lakini chetu kilikuwa kwenye mwamba. Kijana mmoja wa kikosi chetu aliamini ni platinamu, akajaza gunia zima, akalilalia kama mto. Siku tulipolivunja jiwe moja kwa nyundo likatoa harufu ya kitunguu saumu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodi wa Macalder akatuambia tulitupe na tukanawe mikono kabla ya kula. Arsenopairiti. Ukiichoma inatoa sumu ya aseniki. Kwa hiyo mkuu Mwana wa Mwalo, ukigonga, nusa kwa mbali kwanza.

Mbishi Asilia:
Alilalia gunia la sumu akiota ndoto za V8 😂

Mtu wa Migori:
Na gari alikuwa ameshachagua rangi.

Kaka Mnada:
Turudi kwenye uzi. Mimi niko kwenye biashara ya ununuzi na nina leseni, kwa hiyo nieleweke. Tangu 2019 tuna masoko ya madini, Chunya mnalo. Dhahabu inauzwa sokoni, mbele ya maofisa, inakatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Yule wa gari anayenunua kwenye mwalo anakwepa hiyo, na wewe unayemuuzia mko jela moja. Chukua hizo chembe, peleka ukaombe zipimwe kwa mashine ya eksirei, ile inayoshikwa kama bunduki. Inatoa majibu papo hapo: dhahabu kiasi gani, fedha kiasi gani, zebaki, platinamu. Ubishi unaisha.

Tindikali:
Hauishi. Ile mashine inasoma ngozi ya juu tu, haiingii ndani ya chembe. Ukiiwekea dhahabu iliyovaa zebaki itakusomea zebaki nyingi kuliko iliyopo kweli. Na nyingi zimewekewa vipimo vya dhahabu na vito vya dukani, si mchanga wa mtoni. Kama una nauli, peleka sampuli GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, wana maabara, wayeyushe wakupe jibu la maandishi.

Kaka Mnada:
Kwa gramu moja ya chembe aende Dodoma? Nauli itakula mali yote.

Nyundo ya Mawe:
Naomba nieleze kwa nini naisita platinamu ya Lupa, halafu anayetaka kunipinga anipinge.

Dhahabu na platinamu hukutana mtoni, lakini hazizaliwi nyumba moja. Dhahabu ya Lupa inatoka kwenye mishipa ya kwatzi iliyopita ndani ya graniti na miamba iliyokandamizwa. Platinamu ya mtoni kwa kawaida inatoka kwenye mwamba mweusi mzito uliojaa magnesiamu, dunaiti na ndugu zake, pamoja na kromaiti, madini meusi yenye kromiamu. Mto ndio unaowakutanisha, kwa sababu wote ni wazito na hawaozi.

Tazameni mito yenye sifa hiyo. Birbir kule Yubdo, magharibi mwa Ethiopia: mto unakata kwenye dunaiti, platinamu ilianza kuchimbwa hapo miaka ya 1920. Mito ya Ural, Urusi: dunaiti. Tulameen kule Kanada, walikokimbilia watu kutafuta dhahabu 1885: dunaiti iko mlimani juu yao. San Juan na Condoto, Chocó, Kolombia: hivyo hivyo. Huko Kolombia Wahispania walikuwa na tatizo kama la mwenye uzi. Nyeupe ilijaa kwenye dhahabu yao, haiyeyuki kwa moto wao, na matapeli wakaanza kuichanganya na dhahabu ili kuongeza uzito. Wakaamuru itupwe mtoni. Tulameen nako wachimbaji wengi waliitupa kwa sababu haikuwa na mnunuzi wa maana.

Kwa hiyo mkuu, kijito chako kinapita kwenye mwamba gani? Kama ni graniti na kwatzi juu hadi chini, platinamu imetoka wapi?

Mbishi Asilia:
Sasa umenipa kazi. Ukanda wa Ubendi, ambao Lupa imo, hauna graniti peke yake. Una miamba myeusi mingi tu. Na ukienda kaskazini magharibi, karibu na ziwa Tanganyika, pana Kapalagulu, ambapo watafiti wameripoti nikeli pamoja na platinamu na jamaa zake. Ukanda ni huo huo mmoja. Unawezaje kusema hapana kwa uhakika?

Nyundo ya Mawe:
Sijasema hapana, nimesema naisita. Kapalagulu ni mbali mno na maji yake yanakwenda Tanganyika, hayaji Lupa. Lupa inamwaga Rukwa. Mto haupandi mlima kwenda kuchukua mzigo bonde la jirani. Unaonyesha platinamu inaweza kuwepo kwenye ukanda, sawa. Lakini nionyeshe mwamba mweusi ndani ya bonde la kijito hiki.

Shuhuda wa Rukwa:
Warusi walikuwa nayo nyingi hadi wakatengeneza sarafu za platinamu enzi za Stalin.

Mtu wa Migori:
Stalin hakuwa amezaliwa. Zilipigwa 1828 hadi 1845, enzi za mfalme Nikolai wa Kwanza.

Shuhuda wa Rukwa:
Nikolai, Stalin, wote wana masharubu.

Mlinzi wa Mto:
Naona kila mtu anaongea chembe, hakuna anayeongea mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu hazitakiwi ndani ya mita 60 kutoka kingo. Na kama kweli hizo chembe ni dhahabu yenye zebaki, maana yake zebaki imejaa kwenye kijito ambacho watu wanachota maji na samaki wanatoka. Hii ndiyo habari kubwa kuliko platinamu.

Mbishi Asilia:
Mlinzi, umekuja na kanuni kabla ya salamu.

Bibi Karasha:
Muache, anasema kweli. Nilikuwa na kijana wangu wa kuchoma, fundi kabisa, alikuwa anachoma kwenye sufuria wazi kila jioni, anasema upepo unachukua. Mikono ikaanza kutetemeka. Akishika kikombe, chai inamwagika yote kabla haijafika mdomoni. Sasa hivi kazi yake ni kukaa kibanda cha M-Pesa na hata namba anaandikiwa. Tangu hapo kwangu hakuna kuchoma bila ritoti, ile chungu ya chuma yenye bomba linaloshusha mvuke kwenye maji. Zebaki inarudi, unaitumia tena. Asiyetaka aende kwa jirani.

Mwana wa Mwalo:
Asante mama. Tumeazima ritoti kwa jamaa wa ng'ambo na tumechoma zile bapa tu, nje, upepo ukiwa mgongoni. Matokeo ni haya. Nyingi zimegeuka njano. Njano iliyopauka, yenye vishimo vishimo kama sponji, lakini dhahabu. Kwenye bomba kimeshuka kitone cha zebaki. Chache zimebaki nyeupe vile vile. Moto haukuzifanya lolote, hazikuyeyuka, hazikubadilika rangi. Na moja kati ya hizo inafuata sumaku kwa uvivu.

Tindikali:
Si niliwaambia. Dhahabu iliyolamba zebaki. Nadai soda.

Mbishi Asilia:
Na zile zilizobaki nyeupe zimelamba nini?

Tindikali:
Fedha. Dhahabu ya asili huwa na fedha ndani yake, ikizidi sana inakuwa nyeupe. Moto wa ritoti haufiki hata nyuzi 961 za kuyeyusha fedha, kwa hiyo kutoyeyuka si ushahidi wa platinamu. Platinamu inataka 1,768, huo moto huna, hata Bibi Karasha hana.

Nyundo ya Mawe:
Fedha haifuati sumaku. Hiyo moja ya uvivu ndiyo inayonikereketa. Inaweza kuwa imebeba kipande cha magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku, kilichong'ang'ania pembeni, hilo hutokea sana. Isugue, itazame kwa kioo, halafu rudia. Ikifuata tena ikiwa safi, nitaanza kumsikiliza Mbishi.

Kipimo kingine ambacho hakihitaji nauli: tone la tindikali ya nitriki, kama yupo mtu anayeijua kazi hiyo na ana sehemu ya wazi. Fedha, risasi na zebaki zinaliwa. Dhahabu na platinamu hazijali. Moshi wa kahawia ukitoka usiuvute.

Na uzito kwa maji: kusanya gramu moja kamili ya hizo nyeupe zilizokataa, weka kikombe cha maji juu ya mzani, ufute usome sifuri, kisha zizamishe kwa uzi bila kugusa kitako. Ukisoma 0.05 hadi 0.07 upo kwenye dhahabu na platinamu. Ukisoma 0.09 au 0.10, ni risasi au fedha. Mzani uwe unaosoma nukta mbili.

Kaka Mnada:
Gramu moja ya chembe alizosema ni "chache"? Mkuu, labda baada ya masika tatu.

Mtu wa Migori:
Mimi nina wasiwasi na kitu kingine. Huku kwetu aliwahi kuja mtu na "platinamu" ya kuuza, kajaa maneno, na karatasi ya maabara yenye muhuri. Shemeji yangu akauza ng'ombe. Ilikuwa risasi iliyopakwa rangi ya kung'aa, ukikwaruza kwa kucha inaacha mfereji. Sasa mtu wa gari kwenye uzi huu ananunua, hauzi, lakini mbona naona ukoo mmoja? Leo anakununulia nyeupe kwa bei ndogo akuaminishe ni mali, kesho anakuja mwenzake kukuuzia "mashine ya kutenganisha platinamu".

Mwana wa Mwalo:
Mashine ameshaitaja 😳

Mbishi Asilia:
Nipo pale nimekaa.

Kaka Mnada:
Haihitajiki mashine. Zebaki inashika dhahabu, platinamu inaikataa, watu wa kale walitenganisha hivyo hivyo. Lakini msiende kumwaga zebaki zaidi kwa sababu nimesema.

Mlinzi wa Mto:
Umeshasema.

Nyundo ya Mawe:
Kuna njia ya bure kabisa ambayo inaweza kutuamulia bila maabara. Pandisheni kijito. Osheni karai moja moja kila mahali kijito kinapogawanyika, na muangalie nyeupe zinaanzia wapi. Platinamu au galena itaendelea kuongezeka hadi mfike kwenye mwamba wake, kisha ikatike ghafla ukipita juu yake. Zebaki ya watu itaanzia chini ya mahali watu walipofanyia kazi.

Mwana wa Mwalo:
Kuna mikono miwili. Wa kushoto unatoka kwenye kilima chenye mawe meusi yenye kutu, mazito, hayana kwatzi. Wa kulia unapita kwenye magofu ya mashine za zamani, kuna misingi ya saruji na mavyuma.

Mbishi Asilia:
Mawe meusi mazito yasiyo na kwatzi! Nyundo, ulikuwa unauliza mwamba uko wapi?

Nyundo ya Mawe:
Jiwe jeusi lenye kutu linaweza kuwa vitu kumi. Likivunjwa ndani ni kijani? Lina chembe nyeusi zinazong'aa kama lami? Linavuta sumaku? Leta hayo kwanza.

Tindikali:
Na wa kulia una magofu ya stempu juu yake, kama nilivyosema tangu mwanzo. Sioni mjadala.

Bibi Karasha:
Hayo magofu nayajua. Lakini wanaoosha mkono wa kushoto nao walikuwa wakitumia zebaki miaka yote, mume wangu akiwemo. Msidhani kushoto ni kusafi.

Nyundo ya Mawe:
Basi hata kupandisha kijito hakutatutosha kwa zile zilizogeuka njano. Kwa zile zilizokataa moto bado kunafaa.

Mwana wa Mwalo:
Kushoto kuna leseni ya mtu, nitaomba ruhusa. Kulia sasa hivi maji yamejaa, hapapitiki hadi mvua zikatike. Jiwe jeusi nimepata moja lililoporomoka: ndani ni kijani kilichokolea, na sumaku inashika sehemu moja tu, kwingine haishiki.

Mbishi Asilia:
Kijani! Nyundo upo?

Nyundo ya Mawe:
Nipo. Sehemu inayoshika ina ukubwa gani, na iko kwenye mstari au imetapakaa?